Nilivyokwama Njia Panda ya Natchez

Nianze na gari maana ndo lilianza kuniudhi kabla hata sijatoka Houston. Mtandaoni waliniandikia dola 41 kwa siku, nafika kaunta naambiwa kadi yangu siyo ya mkopo kwa hiyo wanashikilia depositi ya dola 300, halafu kuna bima, halafu kuna kodi, na wikiendi yenyewe ya Leba Dei, sikukuu yao ya wafanyakazi, kila mtu yuko barabarani, mpaka nakabidhiwa funguo siku tatu zimeshanitoka karibu dola 290 ukiacha hiyo depositi. Nikalipa tu, nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini na nina miaka 11 nchi hii nasema nitaenda Mississippi, mji wa Natchez, nikauone ule mto, kila mwaka siendi.

Njia ya kule siisimulii, ni karibu maili 300 za misitu ya misonobari na vituo vya mafuta. Ila mwishoni kabisa, upande wa Louisiana kabla hujavuka daraja, kuna mashamba ya pamba, na mwanzo wa Septemba ndo inapasuka. Nikasimamisha gari nikashuka. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, nimekulia kwenye minazi na samaki, pamba nilikuwa naijua ya dukani tu. Lile tumba likikauka linapasuka pande nne au tano na ncha zake ni kali kama miiba, pamba imekaa katikati laini kabisa, sasa ukitaka kuivuta haraka lazima vidole vichomeke. Nilijaribu mara tatu, mara ya tatu damu ikatoka kwenye kucha. Hapo nimevuta tatu tu.

Hoteli dola 189 kwa usiku mmoja, chumba kinanuka unyevu na kiyoyozi kinanguruma kama jenereta. Tuyaache.

Jumamosi asubuhi nikaingia kwenye mojawapo ya yale majumba makubwa ya nguzo nyeupe, kiingilio dola 25. Natchez yamejaa, wenyewe walikuwa matajiri wa pamba wa kabla ya vita ya 1861, ile ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini. Dada anayetembeza wageni alikuwa mpole na anajua kila kikombe kilitoka Ulaya mwaka gani, lakini dakika arobaini nzima alikuwa anasema watumishi. Watumishi walipika huku nje, watumishi walilala kule juu. Kwenye chumba cha kulia kuna ubao mkubwa wa kuchonga unaning'inia juu ya meza kama bembea, una kamba inayokwenda mpaka pembeni ya ukuta, mtoto alikuwa anasimama pale anavuta kamba wakati wote wa chakula ili wakubwa wapate upepo na nzi wasitue. Nikanyoosha mkono nikauliza, huyo mtoto alikuwa mtumishi au mtumwa? Akasema mtumwa, kwa sauti ndogo, akageukia vyombo vya fedha. Mimi nikabaki naangalia ile kamba.

Sasa nilichokuwa nakitaka hasa ni mahali panaitwa Forks of the Road, yaani kwa kwetu ni Njia Panda. Nilikuwa nimesoma kwamba lilikuwa soko la pili kwa ukubwa la kuuza watu kusini kule, baada ya New Orleans. Kichwani nilishajenga picha, nikawaza jengo, ukuta, geti, kitu kama Caravanserai yetu Bagamoyo, ile kambi ya zamani ya misafara. Simu inaniambia umefika, naangalia naona barabara, nyumba za kawaida, uwanja wa majani. Nikapita. Nikageuza, nikapita tena. Mara ya tatu nikakata kona vibaya tairi la mbele likapanda ukingo wa zege, nikasikia puu, halafu gari likaanza kuvuta kulia.

Nafungua buti nitoe spea tairi, hakuna spea! Kuna kimashine cha kujazia upepo na chupa ya gundi, na tairi limepasuka ubavuni, gundi itafanya nini pale. Napiga simu kampuni, muziki dakika ishirini, halafu naambiwa brekidauni ni masaa mawili na nusu na ni dola 165 juu yangu kwa sababu ile bima niliyolipia haihusu matairi. Nilikasirika jamani, nilikasirika mpaka mikono ikawa inatetemeka, jua la kule siyo la pwani, halina upepo, linakukalia kichwani kama kapu.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee mmoja mweusi amekaa barazani kwake, akaniona vile nahangaika, akaja na kiti cha plastiki na chupa mbili za maji ya baridi. Akanambia kaa kivulini mwanangu, hawa hawaji leo mapema. Nikamshukuru nikamwambia na hapa penyewe nilikuwa napatafuta mahali fulani sikupaona. Akauliza wapi, nikamtajia. Akanyoosha mkono kwenye yale majani. Ndo hapo, kiti chako umekiweka juu yake.

Kwa hiyo nilikaa Njia Panda karibu masaa manne, maana yale mawili na nusu hayakuwa mawili na nusu. Bila ile pancha ningepiga picha mbili nikaondoka.

Kuna mabango ya maelezo, na katikati kuna pingu na minyororo imezamishwa kwenye zege, nusu iko ndani nusu iko juu. Nilichuchumaa nikaishika, ilikuwa ya moto kwa jua nikaachia. Jengo hakuna hata moja, kwa sababu majeshi ya Kaskazini yalipouchukua mji mwaka 1863 vile vibanda vilibomolewa na mbao zake zikajengewa kambi, na waliobomoa walikuwa askari weusi. Mzee alinisimulia hilo mara mbili, na mara ya pili alisimama wima kabisa kulisema.

Soko lilikaa hapa kuanzia 1833, mjini kulikuwa na kipindupindu, watu wakalalamika madalali wanaleta maradhi, wakatolewa nje ya mpaka wa mji, wakahamia hapa hatua chache tu. Na wala hapakuwa na mnada wa kupandisha mtu jukwaani. Ilikuwa kama dukani, watu wamepangwa mstari, wamevalishwa nguo mpya, wanaume kofia nyeusi, wanawake magauni ya kitambaa, mnunuzi anapita anakagua meno na mikono halafu wanaelewana bei. Kufikia 1860 kijana mwenye nguvu alikuwa anapita dola 1,500 kwenye masoko ya huku.

Na walikuwa wanatoka wapi? Siyo Afrika moja kwa moja, kuingiza watu kutoka nje kulipigwa marufuku 1808. Walitoka Virginia na Maryland, ardhi ya kule ilikuwa imechoka na tumbaku, mabwana wana watu wengi kuliko kazi, huku magharibi ardhi mpya imefunguka na mashine ya kuchambulia pamba ipo tangu 1793. Na hiyo ardhi mpya ilikuwa na wenyewe, watu wa Choctaw na Chickasaw, wakasainishwa mikataba 1830 na 1832 wakahamishwa. Basi mtu anatolewa kwa mama yake Virginia anafungwa pingu wawili wawili anatembezwa kwa miguu wiki na wiki mpaka hapa. Karibu watu milioni moja walihamishwa hivyo kutoka majimbo ya juu kwenda ya chini kabla ya vita. Nilikuwa najua kuhusu meli za baharini, huu msafara wa ndani kwa ndani sikuwahi kufundishwa na mtu.

Mzee anasema vita ilitokana na hiyo ardhi, kila wakisogea magharibi swali ni lile lile, jimbo jipya litakuwa la watumwa au la watu huru. Wakachora mstari 1820 wa kutenganisha upande wa watumwa na upande wa huru, wakaufuta 1854 wakasema wenyeji wa Kansas wapige kura, watu wakamiminika kule na bunduki. Nikamwambia mbona wengine huku wanasema vita ilikuwa ya haki za majimbo tu. Akanambia kasome tamko la Mississippi lenyewe la Januari 1861 la kujitoa Marekani. Nikalitafuta kwenye simu pale pale, na kweli, mwanzoni kabisa wanasema msimamo wao umefungamana na utumwa, maslahi makubwa kuliko yote ya mali duniani. Wameandika wenyewe.

Halafu akaniuliza swali nililokuwa nalikwepa. Kwenu Afrika Mashariki nako waliuza watu? Nikamwambia nimezaliwa mji ambao misafara ilikuwa inaishia. Nikamweleza njia ya Ujiji na Tabora, wapagazi na pembe za ndovu, majahazi ya kwenda Unguja, soko la Unguja mpaka 1873. Akauliza walikuwa wanawanunua kwa nini, kwa pesa? Nikajibu bila kufikiri, kwa shanga, nyaya na merikani.

Lile neno lilinitoka nikanyamaza. Merikani! Bibi yangu alikuwa na foronya za merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisicho na rangi, na alikuwa anasema merikani hivi hivi kama mtu anavyosema kanga, mimi utoto wangu wote nilidhani ni jina tu. Kumbe ni Marekani. Usiku ule hotelini nilisoma mpaka saa nane. Seyyid Said aliwekeana mkataba na Marekani 1833, mwaka ule ule soko lilipohamia Njia Panda, na 1837 wakafungua ubalozi mdogo Unguja. Meli zilitoka Salem, Massachusetts, zimebeba majora ya kitambaa kilichofumwa viwandani kule Kaskazini kwa pamba ya Kusini, yaani ya mashamba kama yale niliyochomeka kidole. Kitambaa kinashuka Unguja, kinavuka Bagamoyo, kinapimwa doti na shuka, kinalipwa hongo kwa machifu njiani, kinanunua pembe, na kinanunua watu. Ilipoanza vita 1861 pamba ikaadimika, merikani ikapotea sokoni Unguja na kitambaa cha Bombay kikachukua nafasi.

Kwa hiyo mtu aliyeuzwa pale nilipoweka kiti alichuma pamba iliyokuja kumnunua mtu kwetu. Nilimweleza mzee kile kidogo nilichokuwa nakijua pale, hakusema kitu muda mrefu, akawa anaangalia tu barabara. Mwisho akanambia basi wewe siyo mgeni hapa.

Brekidauni ikaja, kijana wa watu akafanya kazi nzuri, hela ikaenda.

Jumapili niliingia nyumba ya William Johnson, kinyozi mweusi aliyezaliwa mtumwa 1809 akaachiwa huru, akaandika shajara miaka 16, na yeye mwenyewe akamiliki watumwa. Aliuawa 1851 kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, mashahidi walikuwa weusi hawakuruhusiwa kutoa ushahidi, muuaji akatoka. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ile nikawafikiria wale wazee wa kwetu wenye majina makubwa ambao mitaa inaitwa kwa majina yao, na mashuleni tunafundishwa Mwarabu alikuja akachukua, kama vile aliyempeleka mtu sokoni hakuwa jirani yake. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Jumatatu kabla sijaanza safari nikampigia mama, kule ilikuwa saa kumi jioni. Nikamuuliza zile foronya za bibi za merikani ziko wapi. Akasema moja ipo kwenye sanduku, nyingine walikata vitambaa vya kuchujia tui. Akauliza kwani vipi, unaumwa? Nikamwambia hapana mama, usiikate hiyo moja, nakuja Desemba.