Tulipoacha kumwambia pole

Binti yangu alikuwa na miaka 14 lori lilipoigonga bodaboda aliyopanda na baba yake. Baba yake hakupona. Yeye aliamka na michubuko, tukamshukuru Mungu, tukajua yameisha.

Wiki ya sita, mimi bado nimo eda, mkono wake wa kulia ulijirusha ghafla akivaa sare ya shule. Akajipiga kifuani, akatoa sauti kama ya kwikwi. Hadi jioni alikuwa amechoka hoi. Kisomo kilifanyika nyumbani. Kaka yangu akampeleka hospitali wakihofia kifafa. Kipimo cha umeme wa ubongo kikatoka safi, akarudishwa kwa neno moja: hana kitu. Shuleni wakaona anajitia. Neno hilo lilimliza kuliko hata ile mikono.

Nilipotoka eda nikampeleka mwenyewe kliniki ya afya ya akili. Daktari alimsikiliza yeye kwanza, mimi baadaye. Akatueleza kwamba tiki, yaani miruko na sauti zinazomtoka mtu bila kutaka, za ugonjwa wa Tourette kwa kawaida huanza utotoni, kidogo kidogo, mara nyingi kwa kupepesa macho, na huwapata zaidi wavulana. Hizi za mwanangu zilikuja kwa kishindo, mikono mizima, katika umri wa kubalehe. Wasichana wengi wa nchi mbalimbali walipatwa na kama hizo wakati wa korona. Ubongo hauna kidonda, ila hofu imeuvuruga unavyouendesha mwili. Haigizi. Hapo binti yangu alinishika mkono.

Kazi ngumu ikawa ya kwetu. Daktari alitutaka tusimkodolee macho, tusimshike mkono, tusimpe pole kila unaporuka. Nyumba ya msiba isiyosema pole! Mama mkwe aliona ni ukatili. Mimi nilikuwa nauma ulimi, naendelea kupeta mchele, moyo unanipasuka. Lakini tuligundua akimsuka mdogo wake mikono inatulia, basi tukampa kichwa cha kusuka kila jioni.

Dawa hakupewa. Alienda kwa mshauri kila wiki, na mwezi wa tatu ndipo akanitamkia alichokificha: asubuhi ile yeye ndiye aliyemhimiza baba yake waharakishe, asichelewe mtihani. Tulilia wote wawili mpaka adhana ya magharibi.

Sasa miruko hiyo humjia siku za mitihani, na pikipiki ikipiga honi nyuma yake. Husimama, hushusha pumzi taratibu, huendelea na safari. Bodaboda bado hajapanda, nami simharakishi.