Fantomu ya nyuzi: anza na msongamano, kisha hewa

Programu za kufuatilia njia za neva kwenye MRI, kwa kuangalia maji yanavyosambaa, hutoa michoro ya kupendeza hata pale ambapo njia hazipo. Katika shindano la 2015 la ISMRM (jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa MRI), timu 20 zilileta majibu 96 kuhusu ubongo wa kompyuta wenye mafungu 25 ya njia za neva yanayojulikana. Mengi ya kweli yalipatikana, lakini ya uongo yaliyazidi kwa mbali. Ubongo wa kompyuta, hata hivyo, haupimi skana yako. Kwa hilo unahitaji fantomu ya kushikika, yaani kielelezo cha kupimia kinachowekwa ndani ya skana.

Tumia nyuzi za Dyneema (aina ya plastiki imara) zenye unene wa mikromita 20 hivi. Hazinyonyi maji, na usumaku wake uko karibu na wa maji. Nyuzi zinazotofautiana mno na maji huvuruga uga wa sumaku, na mawimbi hufifia mapema, hasa fungu likikingama na uga mkuu.

Msongamano ndio wenye kazi. Katika nyuzijoto 20, maji husambaa kwa takriban 2.0×10⁻³ mm² kwa sekunde. Ndani ya milisekunde 50 molekuli husogea kama mikromita 14 kwa upande mmoja. Mianya ikiwa mipana kuliko hapo, maji mengi hayatagusa uzi wowote, na kipimo cha FA (kiasi maji yanavyopendelea kusambaa kuelekea upande mmoja) kitashuka. Kwa hiyo fungu hubanwa kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Usitumie bunduki ya hewa moto: Dyneema huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hivi. Chagua mpira unaosinyaa chini ya 100, uutumbukize kwenye maji ya moto.

Hewa sasa. Chemsha maji yaliyochujwa, yafunike yapoe, kisha ufunge nyuzi zikiwa zimezama muda wote. Dyneema hukataa maji, basi tone la sabuni ya vyombo husaidia. Pampu ya kunyonya hewa husaidia zaidi. Kiputo kilichobaki huonekana kama shimo jeusi lenye kingo zilizopinda kwenye picha ya b=0 (ile isiyopimwa usambaaji). Ukikiona, usiendelee kupima.

Kwa makutano, pishanisha tabaka nyembamba, za nusu milimita kwa vokseli (kijisanduku kimoja cha picha) ya milimita 2. Mafungu mawili manene yaliyolaliana tu hayakutani ndani ya vokseli, ingawa kwa macho yanaonekana yamekutana. Pia makutano hubanwa kuliko mikono yake, kwa hiyo usilinganishe FA ya sehemu hizo mbili.

Iache fantomu chumba cha skana usiku kucha, usome kipimajoto kisicho cha chuma kabla na baada ya kupima: digrii moja hubadilisha usambaaji kwa zaidi ya 2%. Chupa ya maji ndani ya barafu inayoyeyuka ni kipimo kizuri cha pembeni, ikikosa 1.1×10⁻³ mm² kwa sekunde, shughulika na skana kwanza. Weka sponji chini, kwani mtikisiko wa kitanda husukuma maji na kujifanya usambaaji.

Nyuzi hizi hazina maji ndani, tofauti na aksoni (nyuzi za seli za neva). Zinafaa kupima mwelekeo na ufuatiliaji wa njia. Ukitaka kupima modeli za unene wa aksoni, tafuta nyuzi zenye tundu katikati.