Dumu la mchanga lilivyonirudishia nguvu za miguu

Ukivuka sitini hapa Tanga, kila mtu anakuwa daktari wako. Mmoja anakwambia, "Mzee wangu, umri huu ni wa barazani, tulia." Mwingine anakusifia sindano ya testosteroni, homoni ya kiume. Wa tatu anasema endesha baiskeli tu, inatosha. Baiskeli ni nzuri kwa moyo na mapafu, sikatai, lakini uzito wako unabebwa na siti, na mfupa hukaza unapobebeshwa. Kuogelea Raskazone ni vivyo hivyo.

Pima miguu kwanza. Kaa kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara 5 bila kushika popote. Ukizidi sekunde 15, nguvu zimepungua. Mimi nilizidi, ndipo nikatafuta dumu liwe mzigo wangu wa mazoezi.

Dumu tupu la mafuta la lita 5 ni bei ya soda moja au mbili. Wengi hutia maji nusu, na hapo ndipo pana tatizo: maji yanacheza ndani, mzigo unakuvuta upande, kiuno kinaumia. Lijae pomoni. Likijaa maji una kilo 5. Ukizoea, mwaga, likaushe, ujaze mchanga mkavu: dumu lilelile sasa lina kama kilo 8. La lita 10 la mchanga linafika kilo 16 hivi. Mchanga uanike juani mpaka ukiufumbata haushikani, uchekeche, umimine kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, huku unagonga ubavu wa dumu ili ushuke. Wenye unyevu hukauka polepole na kilo zinakupotea. Peleka kwenye mizani ya dukani, andika uzito ubavuni. Mpini uzungushie kipande cha khanga, maana plastiki inakata vidole.

Kiti kiegemee ukuta. Kumbatia dumu kifuani, shuka taratibu ukihesabu mpaka 3, simama huku unatoa pumzi. Kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Mwenye presha isiyotulia aanzie kliniki. Mara 8, pumzika dakika 2, mizunguko 3, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Ukiweza 12 bila kuyumba, ongeza kilo. Usipoongeza, mwili hauna sababu ya kuongeza nguvu. Aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu asiiname na mzigo, akapimwe mifupa kwanza.

Miguu huitika ndani ya wiki chache, kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kabla misuli haijanenepa. Mfupa unachelewa. Kipimo cha DXA, ile picha ya kupima uimara wa mifupa, ukikirudia kabla ya mwaka hakitakuonyesha la maana.

Chakula nacho. Chai na maandazi asubuhi havijengi msuli. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo wa kilo 70 atafute 70 hadi 84 kwa siku. Mayai mawili yana kama 12. Dagaa uwale na kichwa na mifupa yake, kalsiamu imo humo.

Sindano ndiyo inayoniudhi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2024 ulifuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wenye testosteroni ya chini, na waliopaka jeli ya homoni hiyo walivunjika mifupa zaidi kuliko waliopaka jeli isiyo na dawa. Tena homoni hiyo inaweza kuzidisha chembe nyekundu mpaka damu iwe nzito. Kama daktari anataka kukupima, damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla hujala, na irudiwe asubuhi nyingine. Ya alasiri husoma chini hata kwa mwenye afya yake.

Na vile vidonge vya prednisolone wanavyopeana watu kwa maumivu ya magoti, vikitumika muda mrefu vinadhoofisha misuli na mifupa pamoja. Aliyekwisha kuvizoea asivikatishe ghafla. Avipeleke kwa daktari, apunguziwe kidogo kidogo.