Nilivyoiwasha tena kompyuta iliyogoma baada ya kuongezewa RAM

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na RAM (vijiti vya kumbukumbu ya muda) mbili za GB 4. Nikazichomeka nyingine mbili za GB 8 kwenye sloti zilizobaki wazi. Zote ni za kizazi kimoja, DDR4, sikuwa na wasiwasi. Nilipobonyeza swichi, feni zilizunguka lakini skrini ilibaki nyeusi tii. Nikasubiri kama sekunde 15, nikaizima, nikawasha tena. Nilifanya hivyo mara nne au tano huku moyo ukinidunda, maana kazi zangu zote zilikuwa humo.

Taa ndogo ndiyo iliyonipa mwanga. Bodi mama nyingi za siku hizi zina taa nne pembeni, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na inayobaki imewaka huonyesha mashine imekwama wapi. Kwangu ilibaki ya DRAM, yaani ya RAM. Nikaachana na kebo ya skrini niliyokuwa nikihangaika nayo.

Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa RAM zote, nikatoa na ile betri ya duara, CR2032, kwa dakika kadhaa ili mipangilio ya BIOS, programu ya bodi inayoiamsha kompyuta, ijifute. Nikarudisha RAM moja ya zamani kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa. Ikawaka! Nikaitoa, nikaweka mpya moja peke yake: giza. Safari hii nilijizuia kugusa swichi. Baada ya dakika moja na ushei picha ikatokea. Kumbe bodi ikikutana na RAM ngeni huipima kwanza, na mara ya kwanza upimaji huo huchukua muda. Mimi nilikuwa naukatiza kila mara.

Zote nne kwa pamoja zilikataa, hata niliposubiri dakika 10. Si ajabu, RAM za seti tofauti mara nyingi hazielewani. Nikabaki na mbili mpya, sloti ya pili na ya nne.

Nikadhani yamekwisha, mara yakaja maandishi kwamba hakuna diski ya kuwashia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Lakini nilipoingia BIOS niliiona diski kwenye orodha, yaani ilikuwa hai. Nikakumbuka betri: kuitoa kulirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na kuzima CSM, kipengele kinachoiwezesha bodi kuwasha mifumo kwa njia ya zamani. Windows yangu iko kwenye diski ya mpangilio wa zamani, MBR, na bila CSM bodi haiwezi kuianzisha. Heri sikukimbilia kusakinisha Windows upya, ningefuta kila kitu kwa tatizo la mpangilio mmoja tu. Niliwasha CSM, nikahifadhi, Windows ikafunguka na mafaili yangu yote yapo.

Nikarekebisha saa, iliyokuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, kisha kabla ya kufunga kasha nikanakili kazi zangu zote kwenye diski ya nje.