Dole gumba litoke kwanza

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kinachoniangusha katika boling, mchezo wa kuviringisha tufe zito ili kuangusha pini kumi zilizosimamishwa mbele, ni udhaifu wa mkono, kumbe mkono wangu ulikuwa ukijishughulisha kupita kiasi. Mimi ni mkaazi wa Malindi na hucheza nikishuka Mombasa, na kila safari nilirudi na dole gumba lililochubuka. Ami yangu, aliyeucheza sana mchezo huu ujanani, aliniona nimelikamata tufe kama kuku anayetaka kutoroka, akaniuliza, "Mwanangu, mbona umelinyonga hivyo? Halina mbio hilo."

Kosa lilianzia kwenye tundu la dole gumba, mojawapo ya matundu matatu ya vidole yaliyotobolewa kwenye tufe. Lilikuwa pana, kwa hiyo nilikunja dole gumba ndani yake ili tufe lisiniponyoke, na dole lililokunjwa haliwezi kutoka kwa wakati. Tundu lifaalo huligusa dole pande zote bila kulibana. Msimu wa kaskazi, joto na jasho linapozidi, dole huvimba, na tundu lililokaa sawa mwanzoni hukaza baadaye. Wenye matufe yao hubandika vipande vya utepe ndani na kuvibandua kadiri dole linavyonenepa. Mimi ninayeazima hutegemea taulo kavu. Nimeshuka pia kutoka tufe la kilo 6.4 hadi la 5.4, na sioni haya kulisema hilo.

Kuhusu kuachia, mkono hupembea kutoka begani kwa uzito wa tufe wenyewe. Nyumbani hujizoeza uani kwa ndoo yenye maji nusu: yakimwagika, najua nimeusukuma mkono badala ya kuuacha upembee. Tufe likifika kwenye kifundo cha mguu, dole gumba hutoka kwanza, likielekea penye 10 kwenye sura ya saa (ambapo sisi husoma saa nne) kwa anayetumia mkono wa kulia. Kidole cha kati na cha pete hubakia kitambo kidogo, vikalinyanyua tufe ubavuni na kulipa mzunguko, hata likakata kona likikaribia pini, meta 18.29 kutoka mstari ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka. Zamani vyote vitatu vilitoka pamoja, na tufe likaanguka kwa kishindo kilichogeuza vichwa vya watu.

Sasa linateleza kimya. Hata hivyo pini ya 10, ile ya pembeni kulia, bado hunibakia imesimama.