Uko Mwanza kwa maonesho? Usiishie kula chipsi bandani

Wageni wa maonesho pale viwanja vya Furahisha nawaonaga kila mwaka, mchana chipsi mayai bandani, usiku chipsi kuku hotelini, jamani umekuja ziwani! Kirumba hapo hapo jirani, sogea mtaani ukaulize sato wa kuchoma, chagua mwenyewe akiwa mbichi na mpatane bei kabla hajaenda kwenye moto, maana akishaiva wewe huna tena sauti. Agiza na ugali wa muhogo, ule wa udaga, ukiuzoea, huu wa sembe utauona kama hauna ladha.

Sangara minofu yake nyingi inaenda viwandani na kusafirishwa nje, ila supu ya kichwa chake asubuhi, ndimu na pilipili, aisee, hata kama jana ulizidisha utasimama vizuri tu kwenye banda lako. Dagaa wa kubeba nyumbani nenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi, wafunge vizuri kwenye mfuko wasije wakanukisha basi zima.

Jioni mapema panda Capri Point ukae sehemu unayoona ziwa na lile Jiwe la Bismarck lililosimama majini, bia huko bei imechangamka kidogo lakini upepo ni bure. Usiku ukinoga rudi Kirumba au katikati ya mji, kuna nyama choma na muziki mpaka kesho. Kurudi chukua bajaji au boda uliyoelekezwa na hotelini kwako, vitu vya kuonesha kesho viache rumu, na usitembee ufukweni gizani peke yako.