Hedi ya Prado, Ipogolo

Jana jioni tulipofika nyumbani, binti yangu alifungua mkanda, akashika mlango, kisha akanigeukia. "Mama, mbona ukishapaki huzimi gari?" Nikamweleza kwamba tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa, inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kinachoilainisha na kuipooza ni oili. Ukizima ghafla baada ya kuikimbiza, oili inaacha kupita ilhali shafti bado ni ya moto, na ile iliyobaki ndani inaungua na kugandamana kuwa masizi. Akaridhika, akashuka. Mimi nikabaki kwenye usukani, akili imeshafika Ipogolo, pale Iringa.

Ni kwa sababu ya ile Prado ya baba. Injini 1KZ-TE, dizeli ya lita 3, na wakati huo ilishapita kilomita 400,000. Tulikuwa tunatoka Dar, baba, baba mdogo na mimi, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimejaa nyuma. Tulipoanza kupanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mafuta, mshale wa joto ambao miaka yote ulikaa mahali pamoja ukaanza kusogea. Baba akaegesha kabla haujagusa nyekundu. Tukasubiri ipoe, tukaongeza maji, tukajikongoja kupitia Ilula hadi Ipogolo, ambako kila tuliyemuuliza alituelekeza kwa fundi yule yule.

Baba akamwamkia, "Kamwene," mzee akaitikia. Hakufungua boneti siku hiyo. Alitaka gari lilale pale mpaka asubuhi. Kulipokucha aliniita. "Njoo mwanangu, shika hapa." Ulikuwa mpira wa juu wa rejeta. Injini ilikuwa ya baridi kabisa, usiku kucha haijawashwa, na bado mpira ulikuwa mgumu, umejaa. "Gari likilala, huu unatakiwa ulegee. Pumzi ya silinda imepenya kwenye maji."

Baba mdogo hakutaka kusikia habari ya kufungua injini. Alitaka injini ya mtumba kutoka Japani, iwekwe, tuondoke. Walibishana mpaka chai ikapoa, na fundi akawaacha wabishane huku yeye analegeza boliti za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini kinachobeba valvu, yaani milango ya hewa na moshi, kidogo kidogo, akianzia za pembeni kuelekea katikati ili hedi isipinde.

Ufa tuliuona kwa chaki. Alisafisha uso wa hedi kwa petroli, akaufuta ukawa mkavu, akaupaka unga wa chaki, akasogea mbali na hedi ndipo akawasha sigara. Baada ya muda petroli iliyojificha ndani ya ufa ikaanza kulowesha chaki, mstari mwembamba kutoka valvu moja hadi nyingine. Hedi ya 1KZ ni aluminiamu na bloku yake ni chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi ikipata joto, na sehemu nyembamba kati ya valvu ndiyo hulipa. Hedi tupu, mpya, ikaagizwa Dar, ikaja na basi.

Hapo ndipo fundi aliponipa kile kijiti.

Ni mti mfupi tu, mwishoni una kikombe cha mpira kinachonata kwenye uso wa valvu. Valvu za kuingizia hewa zilikuwa bado nzima, za kutolea moshi alinunua mpya, na zote nane zilipaswa kusagwa zikae sawasawa kwenye viti vyake. Unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, kidogo sana, maana ikiingia kwenye njia ya shina itakula huko maisha yote. Unaishusha, unanatisha kijiti, unakizungusha kati ya viganja, mbele na nyuma. Kila baada ya mizunguko michache unainua, unageuza robo, unashusha tena. Mwanzo inakwaruza kama mchanga chini ya kandambili. Kisha sauti inalainika, na mikono inahisi mabadiliko kabla ya sikio. Unafuta, unaangalia: mkanda wa kijivu, usiong'aa, unaozunguka ukingo wote bila kukatika. Fundi alikuwa akiipokea kila moja, anaigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, anaitia alama ya namba yake. Hatukuongea. Malori yalikuwa yakipita barabarani, na baba alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu akinitazama mikono.

Springi zilipofungwa, hedi ililazwa ubavu, matundu ya moshi yakiangalia juu, fundi akamimina mafuta ya taa ndani yake. Tukainama kutazama nyuso za valvu upande wa pili. Tatu za moshi zilikaa kavu. Ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ikatoa jasho, tone dogo lisilotosha hata kudondoka. Jua lilikuwa linazama na baba mdogo akasema hiyo si kitu, injini ikiwaka itajikaza yenyewe. Fundi akaibana springi, akaitoa valvu, akanirudishia kijiti. Nikasaga tena mpaka taa ikawashwa. Mafuta ya taa yakamiminwa kwa mara nyingine, tukasubiri, na uso ule ukabaki mkavu. Baba akapiga makofi peke yake.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Fundi alipima kwa saa yake ya vipimo pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, maana gasketi, zile zinazokaa kati ya hedi na bloku, za injini ile hutofautiana unene na huchaguliwa kwa kipimo hicho. Akashika shafti ya tabo, akaisukuma na kuivuta, akaridhika. Bomba la oili la tabo akalizibua. Boliti akazikaza kuanzia katikati, na rejeta, ambayo ndiyo iliyoanzisha yote kwa kuziba matope na kutu, ikafumuliwa na kusafishwa. Baba akauliza, "Na chini je?" Fundi akapitisha kidole kwenye ukuta wa silinda, mikwaruzo ya kiwandani ikiwa bado inaonekana kwa mbali. "Chini tusikuguse, mzee wangu."

Prado ikaondoka Ipogolo haina moshi. Ndiyo iliyompeleka mama hospitali ya Ikonda na kumrudisha, kliniki baada ya kliniki, barabara ile ikiwa ya vumbi na wakati mwingine ya utelezi, na haikutulaza njiani hata siku moja.

Kisha miaka ikapita ikaanza kula oili. Baba mdogo akasema alishasema. Fundi mwingine akaniambia ukitia nguvu juu, ringi kuukuu za chini, zile zinazozunguka pistoni, hazihimili. Nimeliwaza sana hilo. Ringi zenye kilomita zote zile zingechoka hata bila hedi mpya, na oili inaweza kupotelea kwenye tabo, chini pakiwa pazima. Lakini pia siwezi kusema kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, iliyorudi haikuziongezea mzigo. Baba aliponikabidhi funguo nilimuuliza kama angefanya vile vile. Alijibu ndiyo, bila kufikiri, kwa sababu ya zile safari za Ikonda.

Fundi ninayemtumia sasa anataka tushushe injini nzima. Nimemwambia tuanze kwa kupima kompresheni, silinda moja moja, na kufungua mpira wa hewa wa tabo tuone kama oili inapitia huko. Tumepanga Jumamosi. Kipimo kitaniambia ringi zimefikia wapi leo. Kama zilichoshwa na hedi tuliyoifunga au na umri wake zenyewe, hicho hakuna saa ya kukipima.